Taa na Kuvumwani, Maji ya Bomba Moja

Mliniomba maelezo ya makabidhiano, ukurasa mmoja, yenye vichwa vidogo vidogo na picha. Hamtayapata. Nimekaa kitandani chumbani kwangu hapa Al Mansoura, Doha, masanduku mawili yamefungwa na la tatu linakataa, na nina siku tisa kabla ya kupanda ndege. Siku tisa zinanitosha kuwaandikia ninyi mnaobaki kwenye ukumbi wa vioo mambo ambayo hayaingii kwenye ukurasa mmoja. Atakayechoka kusoma aende akasafishe vichujio. Najua ni vichafu.

Vyeo vyangu mtavikuta ofisini, sina haja navyo hapa. Nianze na ukumbi wenyewe, kwa ajili ya wale watakaokuja baada yenu. Ukiingia kwa mlango mkubwa wa hoteli, kulia kuna tangi la taa, wale samaki bapa wenye madoa ya buluu na mwiba mkiani. Kushoto kuna ukuta wa mawe meusi uliofunikwa na kuvumwani, kile kijani kifupi, laini, kinachojikusanya kama vimto vidogo vya kuegemea juu ya mawe yenye unyevu. Chini ya kioo kimoja kuna kibao cha Taeniura lymma na chini ya kingine Leucobryum glaucum, majina ambayo hakuna mgeni aliyewahi kuniuliza yanatamkwaje. Katikati kumepangwa viti, vyote vinatazama tangi. Miaka kumi na tisa nimeutunza ule ukuta, na miaka kumi na tisa watu wameupa mgongo.

Sikuletwa Doha kutunza kitu chenye uhai. Nililetwa kutandika vitanda. Siku moja mkubwa wa hoteli wa wakati huo alitupanga sote wa usafi, akatuonyesha picha na kuuliza nani amewahi kuuona mmea huu. Nilinyoosha mkono kwa sababu ulijaa kwenye mawe nyuma ya jikoni la mama yangu kule Wundanyi, ambako ukungu hauna saa ya kuondoka. Sisi tulikuwa tunaukwangua kwa jembe tusiteleze. Hilo sikulisema. Kesho yake nikapewa chupa ya kunyunyizia na kuambiwa kuwa mimi ndiye mtaalamu.

Upande wa tangi nilimkuta Mzee Makame, Mpemba mwembamba aliyevaa kofia ya kazi juu ya kofia yake ya kushonwa. Aliniangalia kuanzia viatu kwenda juu.

"We ndo wa majani?"

"Ndiyo Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Taa ushapata kumuona?"

"Bado. Sisi kwetu ni milimani."

"Mie kwetu n'namla, tena kwa nazi. Hawa hapa n'nawalisha kwa mkono wangu kila asubuhi, mmoja mmoja. Ndo dunia hiyo, mwanangu. Haya, shika ndoo."

Sheria yake ya kwanza ilikuwa hizo ndoo. Ya buluu ni ya maji ya chumvi, ya taa. Nyeupe ni ya maji matamu yaliyochujwa, ya ukuta. Haziazimani, hazioshwi pamoja, haziwekwi hata rafu moja. Wiki ya pili ndoo yangu nyeupe ikapasuka. Nikachukua ya buluu, nikaisuuza haraka haraka kama mtu anayesuuza kikombe akijua chai iko karibu, nikajaza maji matamu na kunyunyizia safu nzima ya chini. Siku nne baadaye ncha zote za safu ile zilikuwa kahawia, kama nywele zilizopitiwa na pasi.

"Umeipa chumvi," akasema Mzee Makame.

"Nilisuuza, Mzee."

"Umesuuza kwa macho."

Hakunishtaki kwa mtu. Adhabu yake ilikuwa kwamba kila asubuhi, mwezi mzima, nikae dakika kumi mbele ya safu ile iliyokufa, nitazame, kisha nimweleze nilichokiona. Siku ambazo sikuwa na jipya la kusema aliniambia nikae tena. Niliudhika sana. Nilikuwa mwanamke mzima mwenye watoto watatu, na nilikuwa nimekalishwa chini kutazama kitu kilichokufa mbele ya wageni wanaokunywa kahawa. Lakini hiyo ndiyo shule niliyosoma, na sijui nyingine. Hapo nilijua kwamba kuvumwani ikiungua kwa chumvi huanzia nchani. Ikiwa na kiu haifi, hugeuka nyeupe ikasubiri. Ikikosa mwanga hurefuka na kulegea. Safu ile ilichukua karibu mwaka kujaa tena, nami sikuwahi tena kuazima ndoo.

Hao wawili ni wa shida moja, taa na kuvumwani. Nimelisema hilo kwenye mikutano nikachekwa, kwa hiyo nalisema tena. Taa hana mfupa hata mmoja. Mwili wote umeshikwa na gegedu, kama sikio lako. Kuvumwani haina mizizi. Vile vinyuzi vyake ni vya kushikilia jiwe tu. Taa hujilaza mchangani akavuta maji kwa matundu yaliyo nyuma ya macho, mchana na usiku, na maji yakiwa mabaya hana pa kugeukia. Kuvumwani hunywa kwa jani, mwili mzima, kila tone linaloiangukia. Ng'ombe akiletewa maji machafu huweza kuinua kichwa akakataa. Hawa wawili hawana namna ya kukataa. Wanapoachana ni hapa: taa huficha ugonjwa, akala leo vizuri na keshokutwa ukamkuta amekufa. Kuvumwani haijui kuficha kitu. Sasa niambieni yupi kati yao ndiye pambo.

Mzee Makame aliondoka kwa sababu ya magoti. Wiki yake ya mwisho alinichukua hadi soko la samaki la Al Wakrah kunifundisha kuchagua kamba na ngisi wa kuwalisha taa, akimkaripia kila muuza samaki kwa Kiarabu cha kwake mwenyewe. Tukiwa tunarudi, kapu magotini, alinikabidhi tangi kwa maneno haya:

"Vitu vitatu humuua taa. Joto, njaa na shaba. Joto utaliona kwenye kipimo. Njaa utaiona mgongoni, nyama ikibonyea. Shaba huioni. Dawa nyingi za samaki zina shaba ndani, samaki wengine wakapona, taa akafa. Usimkaribishe shaba."

"Na ikiingia bila mimi kujua? Nitaitambua vipi?"

"Hilo mie sikulipata," akasema. "N'nakuachia wewe ulipate."

Aliniachia pia Bikombo, taa jike mkubwa kuliko wote, aliyempa jina la shangazi yake kwa sababu wote wawili, alisema, walikuwa wakali wakati wa chakula.

Baada yake likaja suala la mudir. Mudir ndivyo tunavyomwita meneja hapa, na huyu alikuwa mpya, kijana, mwenye suti nzuri na haraka nyingi. Mwezi wake wa kwanza mashine ya kunyunyizia iliharibika wakati mimi niko likizo. Niliporudi ukuta ulikuwa mweupe kama majivu na kuna mafundi wanapima waweke kuvumwani ya plastiki. Mudir alinionyesha ukuta kama anayenionyesha maiti. Sikubishana. Nilichukua ndoo nyeupe, nikakilowesha kipande kimoja mbele yake, nikamwomba asubiri amalize kahawa yake. Kabla hajaimaliza kile kipande kilikuwa kijani. Alicheka, akanipongeza, na nadhani hajanisamehe mpaka leo.

Sasa nakuja kwenye lile bomba.

Walipoukarabati ukumbi, mudir aliona mabomba ya plastiki nyuma ya vioo yanaaibisha. Akaagiza ya shaba nyekundu, yaliyosuguliwa hadi kung'aa. Yalikuwa mazuri, sikatai. Bomba moja lilitoka kwenye mashine ya kuchuja maji kule chini, likapanda, likagawanyika mara mbili: tawi moja kwenda kwenye vinyunyizio vya ukuta, tawi jingine kwenda kwenye tangi kufidia maji yanayopotea kwa mvuke. Nilimuuliza fundi kama shaba haitaleta matatizo. Akaniambia nusu ya majumba ya mji huu yana mabomba ya shaba. Nikanyamaza. Hilo ni kosa langu na nalikubali, kwa sababu nilikwisha kuambiwa na mtu anayejua.

Maji ya bomba la kawaida yana madini yake, yameshiba. Maji yaliyochujwa mpaka hayana kitu yana njaa, na yakipita kwenye shaba huilamba. Wiki ya tatu niliona madoa ya kahawia ukutani. Hayakuanzia nchani, kwa hiyo haikuwa chumvi. Hayakuwa meupe, kwa hiyo haikuwa kiu. Yalianzia katikati ya vimto, chini ya kila kinyunyizio, doa moja kwa kila kinyunyizio, yamepangika kama vifungo vya shati. Nilikaa mbele yake dakika kumi, kama zamani. Kisha nikageuka, nikatazama tangi lililo upande wa pili. Bikombo alikuwa na mimba.

Nilikwenda kwa mudir asubuhi ile ile, nikamkuta na yule fundi wa mabomba. Tulikuwa tunaongea lugha ya ofisi, Kiingereza kilichomwagiwa Kiarabu, ninawatafsiria.

"Mudir, naomba bomba lirudishwe la plastiki. Maji yanabeba shaba."

"Nani amekuambia?"

"Ukuta."

"Ukuta." Alimtazama fundi, fundi akatazama viatu vyake. "Wakesho, nyumbani kwangu mabomba ni ya shaba. Ninakunywa. Watoto wangu wanakunywa."

"Wewe unakunywa glasi, mudir. Bikombo analala ndani yake. Na maji ya tangi yakipotea kwa mvuke, shaba haiendi nayo. Inabaki, na kesho inaongezwa nyingine."

"Umepima?"

Nilikuwa nimepima kwa yale matone yetu ya rangi, na nilimwambia ukweli. "Kipimo kinaonyesha kidogo sana. Karibu hakuna."

"Basi, khalas."

"Kidogo sana leo, mudir."

Akaniletea karatasi niitie sahihi kwamba kuvumwani imekufa, ili ya plastiki iwekwe. Nikakataa. Nikamwomba maji yapelekwe maabara. Akakataa. Basi nikamwambia mimi sina maabara ila nina sahani. Nikaweka sahani mbili dirishani mwa ofisi yake, kila moja na kimto cha kuvumwani kutoka jiwe moja. Moja niliinyunyizia maji ya bomba, nyingine maji niliyoyakinga kwenye mashine yenyewe, kabla hayajafika kwenye shaba. Nilibandika vibandiko, nikaenda kila asubuhi na chupa mbili, na mudir akawa anajifanya hanioni. Siku sahani ya bomba ilipopata doa la kahawia katikati nilimwita aangalie. Alisema huenda mhudumu wa chai alimwagia kahawa.

Alhamisi iliyofuata kulikuwa na tafrija ya wageni wakubwa. Nilikwenda kuwalisha taa mapema. Bikombo hakuja mkononi. Alikuwa chini, kingo za mapezi yake zimekunjika kwenda juu kama karatasi iliyolowa ikaanikwa juani. Yeyote kati yenu akiona kingo hizo, asiite kikao. Nilishuka chini ya ngazi, nikafunga koki ya bomba zima, ukuta na tangi kwa pamoja, nikatoa mpini wake na kuutia mfukoni. Nilijua ninachokifanya. Nilijua pia kibali changu cha kukaa hapa kiko mikononi mwa watu ambao jioni ile walitaka ukungu wa kupendeza nyuma ya wageni wao. Niliogopa, tena sana, lakini niliogopa zaidi kumwona yule jike akigeuka tumbo juu na mimi nimesimama pembeni na chupa ya kunyunyizia.

Saa kumi alasiri mudir alimtuma Barasa, mlinzi wa zamu, Mkenya mwenzangu wa Bungoma. Alinikuta nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mgongo umeegemea bomba.

"Madam, wacha nikushow ukweli. Nimetumwa nifungue maji."

"Fungua, Barasa."

Akaangalia koki, akaangalia pale mpini ulipokuwa unakaa. "Sasa hii nafungua na nini?"

"Sijui. Wewe ndiye umetumwa."

"Na nikiambiwa nikutoe hapa?"

"Utanibeba. Mimi sitembei."

Akacheka, akajikuna shingo. "Mimi kazi yangu ni mlango, madam. Mambo ya bomba siwezi. Nitamwambia hiyo kitu imekwama. Lakini jua ako na hasira mbaya."

Mudir alikuja mwenyewe, na hasira ile niliiona. Alisema atanirudisha Kenya kabla ya wiki kwisha. Nikamwambia anirudishe, lakini kwanza aje atazame tangi. Hakuja. Tafrija ilifanyika bila ukungu, na kwa jinsi nilivyosikia, hakuna mgeni hata mmoja aliyeuliza uko wapi.

Siku kumi na saba nilipandisha maji kwa madumu ya plastiki kutoka kwenye mashine, kwa lifti ya mizigo, asubuhi na jioni. Nilikorogea chumvi ya baharini kwenye mapipa na kubadilisha sehemu ya maji ya tangi kila siku, kidogo kidogo, kwa sababu taa hapendi ghafla. Barasa alinisaidia kubeba kila alipotoka zamu, akilalamikia mgongo wake kwa sauti ili kila mtu ajue. Barua ya kufukuzwa ilisubiriwa kila siku na haikuja. Nadhani hapakuwa na mwingine aliyekubali kutia mkono kwenye tangi. Siku ya sita Bikombo alichukua kamba mmoja mkononi mwangu na kunibana kidole. Nililia pale pale, mbele ya watu wanaokunywa kahawa.

Alizaa watoto watatu, kila mmoja na madoa yake tayari. Wawili waliingia mchangani mara moja. Wa tatu alizaliwa amekufa. Sijui kama ni shaba. Sitadai nisichokijua, lakini pia sitakubali mtu aniambie haikuwa shaba bila kupima. Mwezi uliofuata, siku ya kumi na saba ya kubeba madumu, mafundi walikuja kuling'oa lile bomba na kurudisha la plastiki. Sababu iliyoandikwa ilikuwa kelele. Nimefanya kazi karibu na bomba hilo na sijawahi kulisikia likipiga hata chafya.

Nilidhani hapo ndipo mwisho. Juzi, siku yangu ya mwisho kazini, mudir aliniita kukamilisha karatasi. Alinikaribisha kiti, akaagiza chai, akaniita "Mama Wakesho" kwa mara ya kwanza. Kisha akanisogezea fomu ya kuondoka. Kwenye maelezo ya utumishi wangu palikuwa na mstari mmoja kuhusu ile Alhamisi: kwamba mfanyakazi alifunga maji ya ukumbi kwa bahati mbaya, na kosa hilo limesamehewa.

"Hii ni nini, mudir?"

"Ni kwa faida yako. Niliwaambia wakubwa hivyo wakati ule ili wasikufukuze. Weka sahihi, nikupe barua nzuri ya kazi. Utaihitaji nyumbani."

Huenda alisema kweli. Huenda kweli aliniokoa kwa mstari ule, na kama ni hivyo, namshukuru kwa upande huo. Lakini mezani kwake kulikuwa na vipande vya sampuli za mabomba kwa ajili ya ukarabati wa mwakani, na viwili kati yake vilikuwa vya shaba nyekundu, vimesuguliwa. Nikaelewa kazi ya ule mstari. Mkija kumwambia kwamba bomba la namna hiyo lilikwisha kuletwa na likakataliwa, atafungua faili, na faili litasema mama mmoja mzee alikosea koki.

Nilikata maneno "kwa bahati mbaya" kwa mstari mmoja, yaendelee kusomeka. Juu yake nikaandika: kwa makusudi, kwa sababu ya shaba. Kisha nikatia sahihi, chini ya yake iliyokwisha kuwapo.

"Ukiacha hivyo, siwezi kukupa barua," akasema.

"Usinipe."

Nimetoka bila barua. Nina miaka sitini, na huko Wundanyi hakuna atakayeniuliza karatasi. Fomu ile wameihifadhi, walilazimika, ina sahihi zetu sote wawili. Siku watakapowaletea bomba linalong'aa, waambieni waisome. Wasipoisoma, koki ni ile nyekundu chini ya ngazi. Inafungwa kwa kuzungusha kulia, na mwanzoni ni ngumu.